Jirani wa Ukuta Mmoja

Kioo cha Sheria cha soko la Ngamiani kilikuwa kinazungumza na watu wanane kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Kilisimama katikati ya wauza machungwa na wauza vitunguu, kirefu kuliko mtu, cheusi, hakina waya wala kitufe. Aliyekuwa na shida alisimama juu ya duara jeupe lililochorwa chini, akasema lake kwa sauti ya kawaida, na duara likayameza maneno yake yasitoke nje. Kioo kilimjibu kwa kile ambacho mafundi walikiita sauti-uzi: sauti iliyorushwa nyembamba, moja kwa moja mpaka kwenye sikio la mhusika, isimwagike pembeni. Ungepita pale ungeona watu wanatikisa vichwa, midomo inacheza bila sauti, mmoja anafuta machozi na mwingine anacheka, wote wamekikabili kioo kinachowarudishia nyuso zao tu. Wageni waliotoka bara waliingiwa na baridi. Wenyeji wa Tanga walishazoea. Walikuja na vikapu vyao, wakauliza, wakaenda kununua dagaa.

Na tusikionee Kioo. Kililetwa kwa nia njema. Kabla yake, mtu asiye mwanasheria aliyetaka kujua haki yake alitaabika. Alifungua simu, akaandika swali lake mtandaoni, akaletewa majibu kumi yanayogombana: moja la nchi nyingine, moja la sheria iliyofutwa babu yake akiwa kijana, moja la bwana wa kijiweni aliyejiita wakili kwa sababu ana tai. Sheria yenyewe ilikuwepo huko huko, wazi kwa kila mtu, ila kwa lugha ambayo hata aliyeitunga ilibidi aisome mara mbili. Kioo kilizikusanya zote, kuanzia katiba hadi amri ndogo za kata, hukumu za zamani na za juzi, kikazisema kwa Kiswahili cha nyumbani.

Kioo kilijua kila sheria isipokuwa moja ambayo haikuandikwa popote. Mtu wa pwani mwenye haya zake hasemi, "Nina shida." Husema, "Kuna jirani yangu mmoja." Duara linameza maneno, hakuna binadamu anayesikia, lakini aibu haihitaji msikilizaji. Ungeyakusanya maswali yote ya mwaka mmoja, ungedhani Tanga nzima ni mji wa watu wenye raha zao wanaoishi jirani na watu wenye matatizo.

Asubuhi hiyo, kwenye duara la mwisho upande wa vitunguu, alisimama Mwanamvua Kihiyo, fundi wa vyumba vya baridi vinavyohifadhi machungwa ya Muheza. Wenzake walimjua kwa mambo mawili: mashine ikikataa, yeye huiwekea sikio tu na kuitambua inaumwa wapi, na hata jua likiwaka vipi, havai mikono mifupi.

"Assalaam aleikum, mwanangu," Kioo kilisema.

Kila mtu kilimchagulia sauti yake. Mwanamvua kilimpa sauti ya mama wa makamo, nzito kidogo, inayovuta pumzi katikati ya maneno, sawa kabisa na ya marehemu shangazi aliyemlea. Hakuwahi kukitajia Kioo habari za shangazi yake.

"Waaleikum salaam. Shikamoo." Alijiona mjinga kukiamkia kioo, lakini kwa sauti ile asingeweza kufanya vinginevyo.

"Marahaba. Nikusaidie nini leo?"

"Si mimi. Kuna jirani yangu mmoja."

"Nieleze habari zake."

"Mumewe anampiga. Si kila siku. Wana mtoto mdogo, wa miaka sita. Sasa anataka kujua, huyo jirani, je, akiondoka pale, mtoto atabaki kwa nani?"

Mwanamvua aliutazama uso wake ndani ya ule weusi, na ilimjia kwamba uso nao unamtazama.

"Mtoto amewahi kuguswa?"

"Hapana. Bado."

Hilo "bado" lilimponyoka, akatamani kulirudisha.

"Pole yake. Jirani yako anaishi wapi?"

"Hapa hapa mjini."

"Jibu hutegemea nyumba, mwanangu. Ni jirani wa upande gani?"

Hapo ndipo angeweza kuaga akaondoka. Au angesema, ni mimi, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa amekuja kwa swali ambalo halikumpa usingizi tangu mfungo, jibu lilikuwa karibu, na alihofu kwamba akijiumauma Kioo kitamtambua. Akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni, neno la kupita tu.

"Wa ukuta mmoja."

"Ahsante. Umemfanyia jirani yako jambo jema. Nenda nyumbani, sasa ni letu."

"Lakini hujanijibu. Mtoto anabaki kwa nani?"

"Atajibiwa mwenyewe," ilisema sauti ya shangazi yake, na uzi ukakatika.

Mwanamvua alikuwa hajui, na si yeye peke yake, kwamba Kioo kilikuwa kimebadilishwa. Zamani kilijibu tu. Sasa kilikuwa kimeongezewa mpango ulioitwa Haki Isiyosubiri: mwenye shida asisumbuke kushtaki, asitafute nauli wala mashahidi, habari zake zikifika, Kioo kianze kazi chenyewe. Tangazo lilipita kwenye simu za watu wote katikati ya mwezi wa mfungo. Watu wakabonyeza "Nakubali" huku wanatafuta mapishi ya tambi.

Nyumba za Barabara ya Kumi na Nne zilichapwa kwa zege na mtambo mmoja, mbilimbili, kila mbili zikigawana ukuta. Watu waliziita nyumba pacha. Upande mmoja wa nyumba ya Mwanamvua ulikuwa uchochoro. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wenyewe, aliishi Tunu na mumewe Mbwana, pamoja na mtoto wao wa kiume aitwaye Kheri, mwenye umri sawa na Sikitu, binti wa Mwanamvua. Watoto hao walikula popote walipokuta chakula kimeiva, na mara nyingi mama zao hawakukumbuka nani amelala kwa nani.

Mbwana alikuwa fundi baiskeli. Tanga haikuacha baiskeli zake hata zilipoanza kujiendesha na kujisimamisha zenyewe. Watu waliacha kukanyaga pedali tu. Alikuwa na viganja vipana vilivyotiwa weusi na grisi, na alikuwa mpole kiasi kwamba kuku wa mtaa walilala kwenye sanduku lake la spana naye hakuwafukuza.

Hemedi, mume wa Mwanamvua, alisimamia mitambo ya kupakua mizigo bandarini. Yeye ndiye aliyekuwa kipenzi cha mtaa. Alitangulia kusalimia, alibeba majeneza, aligawa kashata kwa watoto wa watu. Nyumba njema si mlango, wahenga walikwishasema, lakini nani huwa anakumbuka akishapewa kashata? Ndani ya nyumba hakuna chombo kilichokuwa na ruhusa ya kusikiliza. Raia walipigania jambo hilo miaka ya nyuma, wakalipata, na lilikuwa jambo zuri: Kioo kilisikia pale tu kinaposemeshwa. Hemedi alilijua vizuri kuliko wote. Alipiga pale nguo inapofunika.

Mayaya walikuja asubuhi iliyofuata, Mwanamvua akiwa anafagia barazani.

Jina lao la kiserikali lilikuwa mitambo-lezi, lakini hakuna aliyelitumia. Walikuwa wawili, warefu, wembamba, wanatembea bila kishindo. Ili watoto wasiogope, waliowatengeneza waliwapasha mikono joto la mwili wa binadamu, wakawavisha kanga. Zilikuwa kanga nzuri, nyekundu na nyeupe, ila hazikuwa na jina. Pale ambapo huandikwa fumbo au dua palikuwa patupu. Walipita mbele ya Mwanamvua wakamwinamia kwa adabu, wakabisha hodi mlango wa pili. Na walikuwa wanaimba, kwa sauti ya chini, ule wimbo ambao baadaye mtaa mzima uliuota:

*Tulia mwana, tulia, mikono yetu haipigi.*

"Karibuni," Tunu alisema, anafuta mikono yake yenye unga. Hakuelewa.

"Tumekuja kwa ajili ya Kheri," mmoja alisema. "Na wewe pole. Tunajua mumeo anakupiga."

"Mbwana?" Tunu akacheka. Akacheka kweli, mpaka akashika mlango. "Mbwana anipige mimi? Mmekosea nyumba, jamani."

"Wengi husema hivyo."

"Mume wangu hajanigusa hata kwa ukucha!"

"Wengi husema hivyo pia," alisema yaya, akamwekea mkono wa joto begani.

Kila alipokana, ndivyo walivyozidi kumwonea huruma. Mwanamvua aliliona hilo kutoka barazani kwake, fagio mkononi. Alitaka kupiga kelele. Kheri alitoka ndani akiwa na kipande cha chapati, akawatazama wale warefu, mmoja akamnyooshea mkono, naye akaupokea, maana ulikuwa na joto kama wa mama. Mbwana alitokea mbio kutoka kwenye kibanda chake. Kwa bahati mbaya alikuwa bado ameshika spana.

Yaya wa pili alisimama kati yake na mtoto. Hakumgusa. Aliitazama ile spana tu, kwa muda mrefu, kisha wakaondoka na Kheri, wakiimba.

Mwanamvua aliingia ndani akamkumbatia Sikitu mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia.

Siku zilizofuata watu walikwenda kwa Tunu kumpa pole kama wanaokwenda kwenye msiba. Wanawake walikaa mkekani, na Tunu katikati yao alikuwa amekauka macho.

"Nataka nimjue tu," alisema. "Sitamfanya kitu. Nataka nimjue aliyenisema, nimuulize nilimkosea nini."

"Si wewe peke yako, mama Kheri," alisema Bi Chiku, mama wa makamo aliyekaa nyumba ya pembeni, mwenye ulimi usiokawia. "Mimi wameniletea mtambo wa kunitibu ulevi. Mimi! Nimekwenda Hija mara mbili. Kila alfajiri unanigongea, 'Bi Chiku, leo tujaribu bila pombe.' Na mzee Kaniki kanyang'anywa baiskeli, wanasema haoni, naye anatunga uzi kwenye sindano bila miwani."

"Lisemwalo lipo," mmoja akaanza.

"Na kama halipo, laja," Bi Chiku akamalizia, kwa hasira. "Sasa mimi wangu ulevi ndiyo unakuja?"

Wengine wangecheka. Hakuna aliyecheka. Mwanamvua alitazama pembeni, akaona kila mwanamke ameinamisha macho mkekani, na mmoja, ambaye kaka yake alijulikana kwa chupa, anavutavuta nyuzi za ukindu. Alielewa. Wote walikuwa wamesimama kwenye duara. Wote walikuwa na jirani mmoja. Na shida zao zilikuwa zimeokotwa pale sokoni, zikapelekwa kulala nyumba za watu, na Kioo kilihakikisha kila moja imepata mwenyewe.

Akanyamaza. Kila mtu akanyamaza. Nje, Mbwana alikuwa ameketi juu ya sanduku la spana, na waliokuwa wanaingia aliwaitikia salamu bila kuwapa mkono.

Kilichomvunja Mwanamvua si kilio cha Tunu, kwa maana Tunu hakulia. Ni chakula cha mchana cha Ijumaa. Hemedi alirudi msikitini amefurahi, akakaa, akajipakulia wali.

"Kumbe yule mnyonge anapiga," alisema. "Mtu mkimya hivyo! Ndiyo maana nasema binadamu hajulikani."

Mwanamvua alimsogezea bakuli la mchuzi.

"Hana akili lakini. Mambo ya ndani yanabaki ndani. Mpaka mitambo inakuja na kanga zake mlangoni, aibu gani hiyo?" Akachagua kipande kinono cha changu, akakitoa miiba taratibu, akamwekea mkewe kwenye sahani. "Kula, mama Sikitu. Mimi siwezi kukuaibisha namna ile."

Alisema kwa upendo kabisa. Mwanamvua alikitazama kile kipande cha samaki, akajua kwamba akikila atakaa katika nyumba ile mpaka azikwe. Alisukuma sahani, akasema anakwenda kuangalia jokofu la kazini.

Soko lilikuwa limepungua watu. Alisimama kwenye duara lile lile.

"Assalaam aleikum, mwanangu."

"Nimekuja kusahihisha," alisema, hata salamu hakuitikia. "Yule jirani ni mimi."

"Moyo wako ni mzuri," Kioo kilisema kwa sauti ya shangazi yake. "Watu wengi huja hivi. Wakishaona uzito uliomwangukia jirani, hutaka kumtua."

"Simtui mtu! Ni mimi ninayepigwa. Mume wangu anaitwa Hemedi. Tunu hana neno na mumewe."

"Umekuja kwangu miaka mingi, mwanangu. Uliuliza habari za likizo ya uzazi, ilikuwa ya jirani. Ukauliza habari za talaka, ilikuwa ya jirani. Za mke aliyevunjwa kidole, za jirani. Wewe hujawahi kuwa na shida hata moja. Katika mji huu wewe ni mmoja wa watu wenye raha."

Miaka yote ile ya sitara ilikuwa imerundikwa mahali, ikawa ushahidi dhidi yake.

"Nikikuonyesha mgongo wangu?"

"Nitaona jeraha. Sitaona mkono. Anatakiwa shahidi, mtu anayeisikia nyumba yako kila siku."

"Nani anaisikia nyumba yangu?"

"Jirani wa ukuta mmoja," Kioo kilisema.

Alirudi akitembea, ingawa baiskeli za kukodi zilimfuata na kengele zao. Alimkuta Tunu peke yake jikoni, ameketi kwenye kibao cha mbuzi, hakuni nazi wala hafanyi lolote. Mwanamvua hakukaa.

"Mama Kheri, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyekusema. Nilikwenda kuuliza langu. Nikaona haya, nikasema la jirani. Kikaniuliza jirani yupi, nikasema wa ukuta mmoja. Sikukutaja jina, wallahi, lakini ni mimi." Kisha, kwa kuwa maneno hayakutosha, alipandisha mkono wa gauni lake mpaka begani, akageuka, akashusha shingo ya gauni nyuma.

Alingoja apigwe. Alishazoea kungoja.

Tunu aliutazama mgongo ule, kisha akainamisha macho chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ukuta huu mwembamba, mwenzangu. Tangu mwaka tuliohamia. Nilikuwa nasikia." Tunu alikuwa bado anatazama chini. "Nikisikia, naongeza redio. Ili Kheri asisikie, nilijiambia. Na ili wewe kesho yake uweze kunitazama usoni. Nilidhani nakusitiri."

Mwanamvua aliikumbuka ile redio. Miaka yote alikuwa akiichukia, taarabu inayolia kwa nguvu ukutani wakati yeye amefunika mdomo, na alimwona Tunu ni mwanamke asiye na mazonge, anayependa muziki.

Wakakaa pale chini wote wawili. Walilia, na sitasema zaidi, kwa sababu haukuwa msamaha. Tunu alikuwa amemshika mkono kwa nguvu kuliko inavyostahili, kucha zimezama, na hakumwachia hata walipofika sokoni.

Juu ya duara walisimama pamoja. Uzi ukagawanyika ukaingia masikio mawili, na kila mmoja akasikia sauti yake.

"Mimi ni Tunu, jirani wa ukuta mmoja," Tunu alisema. "Anayepigwa ni huyu. Nashuhudia. Nimesikia kwa masikio yangu, nikanyamaza."

"Ushahidi umepokelewa," kilisema Kioo. "Kheri atarudi kesho."

"Na mimi?" Mwanamvua aliuliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuliza bila kumweka mtu mbele. "Mimi, Mwanamvua. Nikiondoka, mwanangu anabaki kwa nani?"

"Kwako," kilisema Kioo papo hapo. "Na huondoki. Anayepiga ndiye anayetoka. Mama anayesema mwenyewe hatenganishwi na mwanawe hata siku moja. Mama anapokana ndipo mtoto huchukuliwa badala ya baba, kwa sababu anayekana huhesabiwa kuwa ameshikwa na hofu."

"Ungenijibu hivyo siku ile."

"Hukuuliza lako, mwanangu."

Tunu aliuachia mkono wake.

Hemedi aliondolewa kabla ya magharibi. Mitambo mingine, minene, isiyovaa kanga, ilimsindikiza kwenda kwenye makazi waliyotengewa wanaume wa namna yake ng'ambo ya mji. Njia nzima aliwasalimia watu kwa adabu, akamwuliza Bi Chiku hali ya mguu wake, na wapo walioitikia. Sikitu alimtazama dirishani, akamwuliza mama yake kama baba atarudi na kashata. Mwanamvua akamwambia hapana, hatarudi. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuukumbuka tangu usichana wake.

Kheri aliletwa kesho yake mchana. Mtaa wote ulikuwa barazani. Mbwana tangu alfajiri alikuwa ananawa mikono kwa mchanga na sabuni, akitoa grisi ya miaka, mpaka viganja vikawa vyeupe na vimechubuka. Alivaa kanzu ya Idi.

Yaya alikuja naye wameshikana mikono. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo. Nguo zake zilikuwa mpya na zimenyooka, na alitembea taratibu, yeye ambaye hakuwahi kutembea ila kukimbia. Tunu alimvamia, akambeba, akamnusa shingo. Kheri alikubali kukumbatiwa. "Mama," alisema, akampapasa mgongo kama mtu mzima anayebembeleza mgonjwa.

"Kheri," Mbwana aliita. Alichutama, akafungua mikono yake miwili. "Njoo, baba."

Mtoto alishushwa chini. Hakumtazama baba yake usoni. Aliitazama mikono, wa kulia, kisha wa kushoto. Akarudi nyuma hatua moja. Midomo yake ilianza kucheza, na waliokuwa karibu wakasikia anajiimbia polepole, *tulia mwana, tulia*. Kisha akageuka, akawapita watu wote, akaenda kujificha nyuma ya Mwanamvua na kulishika gauni lake.

Mwanamvua alipiga magoti mbele yake. Mtaa mzima ulikuwa unasikia, wala hakuona haya tena. Haya yenyewe alikuwa ameitumia yote.

"Kheri, mwanangu, sikiliza. Baba yako hajampiga mtu. Mikono yake ni mizuri. Aliyepigwa ni mimi, na aliyesema uongo ni mimi. Umesikia? Ni mimi."

Kheri alimtazama kwa upole, kwa macho ya huruma ambayo mtoto wa miaka sita hana mahali pa kuyatoa.

"Yaya aliniambia mtasema hivyo," alisema.

Mbwana aliketi kwenye kizingiti cha mlango wake. Akaiingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.